Kahawa Niliyokula kwa Mwalimu Damari

Siwezi kupita soko la Bukoba bila pua yangu kunisimamisha pale wanapokaa akina mama wauza kahawa ya kutafuna. Wengi wenu mnaijua: buni zilizochumwa zikiwa bado hazijaiva, zikachemshwa na majani yenye harufu, zikaanikwa, halafu zikafungwa kwenye ganda kavu la mgomba. Mgeni akifika nyumbani unamnyooshea chache, na wewe unatangulia kutia moja mdomoni ili aone hakuna ubaya. Mwezi uliopita nilinunua kifungu kimoja, nikakitia mkobani pamoja na madaftari ya watoto, na darasa langu likanuka Buganguzi, kijiji cha bibi yangu, siku nzima.

Nafundisha darasa la kwanza na la pili hapa Nshambya. Siku hiyo nilikuwa nawaonyesha watoto jinsi ya kuvunja neno refu, na ile harufu ikanifanya nisimame katikati ya somo na chaki mkononi. Nilimkumbuka mwanamke aliyenifundisha kazi hiyo hiyo kwenye baraza ya nyumba yake. Bibi yangu alikuwa na hakika kwamba ni mwizi. Mimi nilikuwa na hakika ya jambo baya zaidi.

Nilikuwa naishi kwa bibi mzaa baba. Wazazi wangu walikuwa na duka Nshamba, mama alikuwa amejifungua mapacha, ikaamuliwa nikae Buganguzi mpaka nyumba itulie. Nilikuwa darasa la pili. Neno fupi halikunishinda: kuku, dada, meza, hayo niliyasoma kwa mbio. Neno refu nilisoma mwanzo wake, kisha nikautazama uso wa mwalimu na kukisia mwisho. Mara nyingine nilipatia. Mara nyingi darasa lilicheka. Binamu yangu Adela, aliyekuwa darasa la tano, alinipa jina la Koku Nusu.

"Koku Nusu, njoo utusomee nusu ya ubao!"

Mwalimu wetu alimwita mama na kumwambia kwamba mambo yakiendelea hivyo nitarudia darasa. Mama hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani wa bibi, Mwalimu Damari, mjane aliyestaafu ualimu, akamwomba anipokee kila jioni baada ya shule. Yeye akakubali na kusema hataki malipo yoyote.

Hapo ndipo mashaka yalipoanza.

"Kwa Damari?" Bibi alisema. Alikuwa anamenya ndizi, na kisu kikasimama. "Mlutheri yule?"

"Mama, kusoma hakuna dhehebu."

"Kila kitu kina dhehebu. Na anataka nini?"

"Hataki kitu."

"Hataki kitu!" Bibi akacheka bila furaha. "Sikiliza maneno. Mtu wa Buganguzi, ana migomba ya kupalilia, ana mgongo unaomuuma, amfundishe mtoto wa nyumba hii bure. Na wewe umeamini."

Niwaeleze kilichokuwa katikati ya nyumba zile mbili. Kwetu mpaka wa kibanja, yaani shamba la nyumbani, huonyeshwa na mlamula, ule mti mwembamba wenye majani marefu kama panga. Ukishapandwa mbele ya mashahidi, hakuna mwenye akili anayeugusa. Babu, mume wa bibi, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Matanga yalipokwisha, Bibi alitembea kibanja chote, mpaka upande wa mbali ambao Babu alikuwa akiulima mwenyewe, akakuta milamula mitatu imesimama mahali ambapo hakuwahi kuiona. Yeye alijua mpaka uko kwenye mbuni mkubwa, mkahawa mzee kuliko yote shambani. Sasa milamula ilikuwa imeingia ndani kwetu, na kipande kile chote chenye mikahawa mizuri kikawa upande wa Damari. Mume wa Damari, Mzee Yonathani, naye alikuwa amekwisha kufariki, miezi michache tu kabla ya Babu. Hapakuwa na wa kuulizwa ila Damari, naye alipoulizwa alijibu neno moja: "Walikubaliana wenyewe." Zaidi ya hapo hakufungua mdomo.

Kwa hiyo jioni ile, mama alipokwisha kurudi Nshamba, Bibi aliniita jikoni.

"Utakwenda," alisema. "Mama yako amesema uende, utakwenda. Lakini ukiwa kule ufungue macho."

"Nitazame nini, Bibi?"

"Karatasi. Damari ni mtu wa kalamu. Mtu wa kalamu haibi na panga. Ukiona karatasi yoyote yenye jina la babu yako, unaniambia. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na usile kitu kwake."

Hilo la mwisho lilinishika kuliko yote.

Mwalimu Damari alikuwa mrefu, mweusi, mkavu, na alizungumza taratibu kama mtu anayemimina maziwa kwenye chupa. Siku ya kwanza hakuleta kitabu. Alichuma tunda moja jekundu la kahawa kwenye mti uliokuwa karibu na baraza, akaketi kwenye kigoda, akanionyesha.

"Hili ni nini, Koku?"

"Kahawa."

"Ngapi?"

"Moja."

"Una hakika?" Akalibinya kwa vidole viwili. Ganda likapasuka, mbegu mbili zikateleza zikiwa zimefunikwa na ule ute mtamu. "Hesabu tena. Neno refu ni hivi hivi. Ukilitazama kwa nje unaliogopa, unadhani ni jiwe. Libinye. Ndani lina vipande, na kila kipande unakijua." Akanitia mbegu moja kiganjani. Ya pili akaitia mdomoni mwake, akaifyonza. "Fyonza, ni tamu."

Niliifyonza kwa heshima. Mtoto hamwambii mwalimu kwamba ameonywa asile kwake. Halafu nikakumbuka jambo, na kwa hofu nikaimeza.

Jambo lenyewe ni hili. Bibi alikuwa amenisimulia jinsi wazee wa zamani walivyofunga udugu. Watu wawili walichukua tunda moja la kahawa lenye mbegu mbili, wakachanjwa kidogo tumboni, kila mmoja akapaka mbegu damu yake, wakabadilishana na kumeza. Kihaya huitwa omukago. Kuanzia siku hiyo huwezi kumnyima mwenzako kitu, huwezi kumkatalia, huwezi kutoa siri yake. Ukimsaliti, tumbo linavimba mpaka linakuua. Babu na Mzee Yonathani walikuwa wamekula kahawa hiyo wangali vijana, mmoja Mkatoliki na mwingine Mlutheri, na mapadri wala wachungaji hawakupenda.

Sasa nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya Mlutheri, tunda moja, mbegu mbili, moja kwake na moja tumboni mwangu. Damu haikuwepo, ni kweli. Lakini siku ile nilikuwa na kidonda cha mwiba kidoleni, na nilikishika kile kidole nikijiuliza kama kiligusa mbegu. Niliamua kwamba kiligusa. Nikajua nimekwisha. Bibi amenituma nimpeleleze mtu ambaye siruhusiwi kumsaliti.

Kila asubuhi nilipoamka nilipima tumbo kwa viganja.

Hata hivyo nilijifunza, na nataka kueleza namna, kwa sababu njia ile naitumia mpaka leo na sijaona iliyo bora. Alikuwa na kopo la buni kavu. Aliandika neno kwa mkaa kwenye ubao mdogo, kisha akalifunika lote kwa ganda kavu la mgomba. Akalisogeza kidogo tu mpaka kipande cha kwanza kikaonekana. Nilisoma hicho peke yake na kuweka buni moja chini. Akasogeza tena. Kipande cha pili, buni ya pili. Hakuniruhusu kutazama uso wake.

"Jibu haliko usoni kwangu. Liko chini ya ganda."

"Nitajuaje kipande kinaishia wapi?"

"Sikiliza mdomo wako. Kipande kikiisha, mdomo unakuwa wazi. Ko. Umeona? Ku. Sema jina lako lote."

"Ko-ku-shu-bi-ra."

"Buni ngapi?"

"Tano."

"Mtu mdogo hivi, jina la buni tano! Na unaogopa neno la buni nne?"

Vipande vikishatoka vyote, alinitaka nivizoe kwa mkono mmoja na kulisema neno kwa pumzi moja. Alikuwa mkali kwa hilo. Kuvunja neno ni nusu ya kazi, alisema, na mtu akiliacha limevunjika hajasoma. Wiki zilipita. Shuleni darasa likaacha kucheka. Adela akaanza kunitazama kwa jicho lingine.

Bibi naye aliniuliza kila jioni, na kila jioni alinikagua kama mtu anayekagua mbuzi aliyerudi kutoka kwa watu.

"Amekuuliza nini juu ya nyumba yetu?"

"Hakuna."

"Amekusalisha?"

"Hapana, Bibi."

"Amekupa chakula?"

Hapo nilitazama miguu yangu. "Hapana."

"Mbona unashika tumbo?"

Mvua za masika zilipokuja, bati la Mwalimu Damari lilivuja juu ya kabati. Jioni moja aliteremsha vitu haraka ili visilowe, na mkebe mmoja wa bati ukafunguka. Karatasi ikaangukia karibu na goti langu. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imekuwa myeupe, na chini yake palikuwa na alama ya dole gumba ya wino wa buluu. Nilisoma maneno mawili ya kwanza bila hata kutaka. Mimi Silvano. Hilo lilikuwa jina la Babu. Mstari wa pili nikaona: mpaka.

Mkono wake ulishuka kwenye karatasi kabla sijafika mbele.

"Hii si ya kusoma, Koku."

Sijawahi kumsikia akisema hivyo kabla wala baada. Mwanamke aliyenifundisha kusoma hata maandishi ya mfuko wa chumvi aliikunja karatasi ile, akairudisha ndani ya mkebe, akaubana mkebe kifuani. Kumbe Bibi alikuwa sahihi. Mtu asiye na hatia haogopi mtoto wa darasa la pili.

Nilikaa na siri ile siku tatu. Nililala nikiwa na tumbo linalouma, kwa kweli lilikuwa linauma, na sikujua kama ni kwa sababu nimeificha kwa Bibi au kwa sababu nilikuwa nafikiria kuisema. Siku ya nne Bibi alikuwa ananiosha miguu kwenye beseni. Akaniuliza swali lake la kila siku, kwa sauti ya kuchoka, na nikasema yote. Karatasi, jina, dole gumba, neno mpaka.

Bibi aliacha kuosha. Maji yakatulia.

"Dole gumba?" alisema. "Una hakika ni dole gumba?"

"Niliona mistari yake."

Akasimama akiwa bado ana povu mikononi. "Silvano aweke dole! Mume wangu alikuwa anasoma gazeti. Kila barua iliyofika nyumba hii aliisoma yeye. Mtu huyo aweke dole gumba kama mimi?" Akajipiga paja. "Sasa nimemshika. Sasa Damari nimemshika."

Jumamosi alasiri mwenyekiti wa kitongoji alikuja, na majirani kadhaa wakasimama pembeni wakijifanya wanapita. Tulikutana pale kwenye milamula. Mwalimu Damari alikuja na kanga mabegani, mikono mitupu.

"Mama Kalisti," alimwambia Bibi, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza aliyekuwa Mwanza, "mimi nimefikiri. Milamula nitaing'oa kwa mkono wangu na kuirudisha kwenye mbuni. Kipande ni chenu. Karatasi ikae ilipo."

Nilitegemea Bibi atafurahi. Akakunja uso zaidi.

"Umesikia, mwenyekiti? Jana kipande chake, leo kipande changu. Anatoa shamba ili karatasi isionekane. Ndani ya karatasi hiyo kuna nini?"

"Bojo, Mama Kalisti, nakusihi. Chukua shamba."

"Ilete."

Mwenyekiti akakohoa. "Mwalimu, waitu, mwenzetu, ukiificha sasa hata mimi nitakuwa na maswali."

Mwalimu Damari akaenda kuileta. Alitembea polepole sana. Aliporudi mwenyekiti akanyoosha mkono, lakini Bibi akamzuia.

"Si wewe."

"Mama, mimi ni mwenyekiti."

"Mke wako anaimba kwaya ya kwao."

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye ikabidi acheke. "Basi tumwite katekista?"

"Katekista ananunua maziwa kwa Damari. Asome mtoto wangu. Koku, njoo."

Karatasi iliwekwa mikononi mwangu. Nilimtazama Mwalimu Damari, akatikisa kichwa kidogo, kidogo mno, na mimi peke yangu niliona. Alikuwa ananiomba nisisome. Nilikuwa nimekula kahawa naye. Upande wa pili alisimama Bibi, amejifunga kitenge kiunoni, na kama ningesema siwezi, ningekuwa Koku Nusu tena mbele ya kitongoji kizima.

Nikaweka kidole gumba changu juu ya mstari, nikafunika kama tulivyofunika kwa ganda, na nikaanza.

"Mimi Silvano, ni-na-m-pa-ti-a... ninampatia ndugu yangu Yonathani kipande cha shamba. Mpaka ni hatua kumi na mbili kutoka kwenye mbuni mkubwa." Nilivuta pumzi. "Ninampatia kwa sababu a-me-ni-so-me-a..."

"Koku," alisema Mwalimu Damari, "hapo panatosha."

"Endelea," alisema Bibi.

"...amenisomea barua zangu zote, na ku-ni-a-ndi-ki-a, kuniandikia majibu. Kwa kuwa mimi si-ku-ja-li-wa..." Nililizoa neno kwa pumzi moja, kama nilivyofundishwa. "Sikujaliwa kusoma wala kuandika. Naye ha-ku-mwa-mbi-a, hakumwambia mtu yeyote, hata mke wangu."

Mwalimu Damari alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga. Wale waliojifanya wanapita wakaanza kupita kweli.

"Soma tena," alisema Bibi.

Nikasoma tena. Mara hii nilisoma vizuri zaidi, na ndiyo aibu niliyo nayo mpaka leo, kwamba niliona fahari kidogo.

Bibi aliichukua karatasi, akaigeuza juu chini, akaitazama kama inaweza kumwambia yeye kitu kingine. Kisha akamgeukia Damari.

"Sasa nimeelewa kwa nini ulimfundisha bure. Miezi yote hii! Umemkaririsha karatasi hii moja kama kasuku, mpaka siku ikifika aisome kwa sauti ya nyumba yangu mwenyewe. Umeniletea mjukuu wangu anitukanie marehemu." Akanishika mkono. "Hutakwenda tena."

Mwalimu Damari aligeuka akarudi kwake. Asubuhi iliyofuata, tulipokwenda kukata majani ya ng'ombe, tulikuta milamula yote mitatu imehamishwa. Ilikuwa imesimama pale pale kwenye mbuni mkubwa, udongo bado umelowa. Bibi aliitazama, akainama kukata majani. Nilidhani mtu aliyeshinda huwa na sura nyingine.

Tumbo langu halikuvimba. Nililisubiri siku nyingi. Lilipokataa kuvimba nilianza kushuku kwamba labda adhabu imechagua mlango mwingine, kwa kuwa nilikuwa nimetoa siri ya mwalimu wangu, nimemvua nguo Babu kaburini, na Bibi alikuwa ameacha kula vizuri.

Jumapili baada ya misa Bibi alivua viatu, akaingia chumbani, akatoka na kitabu cha sala cha Babu. Alikuwa hajui kusoma hata herufi moja, lakini sala zote zilikuwa kichwani mwake tangu utoto, ndefu na fupi, na alizisali bila kukosea hata neno. Akafungua kitabu katikati, bila kutazama, akaniwekea magotini.

"Hiki Damari hajakigusa," alisema. "Soma."

Wakati ule sikuelewa anachofanya. Niliona maneno marefu yamejipanga na nikafanya nilichojua, nikaweka kidole gumba, kipande, kipande, kipande, kisha neno. Nilikuwa sijafika neno la nne alipoanza kusogeza midomo. Alikuwa ameitambua sala. Alinitangulia kimya kimya na kunisubiri mwisho wa kila mstari, na kila nilipofika alikuwa yupo.

Akafungua ukurasa mwingine. Nikasoma. Akaitambua hiyo pia. Akafungua wa tatu, safari hii litania yenye majina ya watakatifu ambayo yangemshinda hata Adela. Nilitoka jasho. Nilikosea mara mbili na mara mbili akanirekebisha, akiwa amefumba macho.

Halafu akakifunga kitabu, akabaki amekishika.

"Barua za Kalisti," alisema baadaye. Hakuwa anasema nami hasa. "Ikifika barua nilikuwa nampa. Anaitia mfukoni. Anasema, nitaisoma shambani, huku ndani ni giza. Jioni anarudi, ananieleza yote. Kalisti amepata kazi. Kalisti ana homa. Neno kwa neno. Na mimi nilikuwa namwambia, wewe mwanaume, mwanga wa shambani una nini?" Akapangusa jalada la kitabu kwa kiganja. "Miaka yote ile. Alidhani nitamcheka."

"Ungemcheka, Bibi?"

Akafikiri kwa uaminifu. "Siku zile? Ningemcheka."

Aliinuka. Akajifunga kitenge. "Chukua jembe. Na ile karatasi iko chini ya godoro langu, ilete."

Tulikwenda upande wa mbali wa kibanja. Bibi aling'oa milamula mmoja mmoja, akitikisa mizizi, akaiegemeza kwenye jembe. Mwalimu Damari alikuwa barazani kwake. Alituona, akasimama, lakini hakusogea.

"Nisomee pale penye hatua," Bibi alisema.

"Mpaka ni hatua kumi na mbili kutoka kwenye mbuni mkubwa."

Akaweka kisigino kwenye shina la mbuni na kuanza kutembea. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye hatua za kuku. Alipofika ya tano akasimama, akatazama mbele, akatazama nyuma, akarudi mpaka kwenye shina.

"Umesahau hesabu, Bibi?"

"Sijasahau. Hizi ni hatua zangu. Karatasi ni ya babu yako."

Alipandisha kitenge mpaka juu ya magoti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya nje ya nyumba. Kisha akatupa mguu mbele kwa urefu wote aliokuwa nao, mabega nyuma, mkono mmoja ukipepea pembeni kama mwanaume mrefu anayekwenda zake bila haraka. Hata mimi niliutambua mwendo ule. Moja. Aliyumba, akashika mgomba, akatupa mwingine. Mbili. Nilihesabu kwa sauti kwa sababu yeye pumzi haikumtosha. Alipofika ya tisa alikuwa amepita mahali ambapo milamula ilisimama mwanzo, na hakupunguza. Kumi. Kumi na moja. Kwenye ya kumi na mbili alisimama, ameloa jasho, yuko ndani kabisa ya kile alichokuwa akikiita chetu.

"Hapa," alisema. "Chimba."

Mwalimu Damari alikuwa amefika bila sisi kumsikia. Aliushika mlamula wa kwanza ili usimame wima wakati Bibi anarudishia udongo, na wote wawili wakaukanyagia, kila mmoja upande wake.

"Umezidisha, Mama Kalisti," alisema.

"Hukumfahamu vizuri. Alikuwa na miguu mirefu." Bibi akajipangusa uso, akaniangalia, akamwangalia yeye. "Kesho mtoto atakuja. Yale majina ya watakatifu bado yanamshinda."